ESC ya Ndege Kwenye Gari la Rimoti: Kabla Hujasema Ni Mbovu

ESC ni kifaa kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota na kuamua kasi yake. Lalamiko ni lilelile dukani kwetu hapa Mwanga, Kigoma: "ESC mliyoniuzia mbovu, inalia pii pii tu, gari haliendi." Ikifungwa mezani kwenye mota yenye pangaboi, inazunguka bila shida. Ni nzima. Ni ya ndege za rimoti, na risiti imeandikwa hivyo.

Rimoti ya gari, ile ya kushika kama bastola, ukiiacha bila kuigusa hutuma mpigo wa maikrosekunde 1500. Kwenda mbele ni 2000, breki na rivasi ni 1000. ESC ya ndege haijui katikati: kwake 1000 ni kuzima, 2000 ni moto wote. Ile 1500 yako inaisoma kama nusu moto, na kwa usalama inakataa kuwaka.

Ili ikubali kuwaka, inua magurudumu juu. Washa rimoti, vuta triga hadi mwisho, ndipo uchomeke betri. Ukisikia milio miwili, achia triga irudi katikati mara moja, usiisukume mbele. ESC nyingi zitakubali katikati kuwa sifuri. Gari litakwenda, ila bila breki wala rivasi. Ile "breki" iliyomo kwenye mipangilio ya ESC ya ndege ni ya kusimamisha pangaboi la kukunja. Ukiiwasha, inakamata kila ukiachia triga na meno ya gia za plastiki yanaisha. Iache imezimwa.

Mlio ni jambo dogo. Kinachoua ni joto. Pangaboi likianza kuzunguka halina mzigo. Mzigo unakuja kasi ikipanda, na upepo wake unaipooza ESC. Gari ni kinyume. Limesimama, lina kilo mbili, unavuta triga yote: ampea nyingi zaidi zinapita mota ikiwa bado haijasogea, na juu kuna bodi iliyofunika kila kitu. Ile ESC ya 30A (ampea 30) wanayonunua wanafunzi pamoja na mota ndogo ya ndege ya A2212, ukiibebesha gari la 1/10 (sehemu ya kumi ya gari halisi), mosfeti, yaani swichi za umeme ndani yake, zinaungua. Zikiungua kwa kushikana, zinaweza kuondoka na mota. Hapo aliyekwepa bei ya ESC ya gari ananunua ESC mara ya pili, na mota juu.

Kisha sevo, mota ndogo inayogeuza usukani. Sevo na risiva, kipokezi cha rimoti, hupata umeme kutoka kwenye ESC, na ESC nyingi za bei nafuu hutoa volti 5 kwa ampea 2 tu. Usukani ukikwama kwenye mchanga sevo inavuta zaidi, risiva inazima, gari linakimbilia mtaroni. Watu husema rimoti haifiki mbali!

Ukilazimika kutumia ESC ya ndege, chukua ya 60A, betri ya seli 2, gia ndogo ya mota ipungue meno mawili, feni ya milimita 30 juu ya ESC, na uiseti ESC ikate moto kwenye volti 3.2 kwa seli. Sevo na risiva zipe UBEC (kifaa cha pekee kinachoshusha volti za betri), na uchomoe waya mwekundu wa ESC unaoingia kwenye risiva. ESC za droni zenye BLHeli_S (programu iliyomo ndani yake) zinasetiwa zirudi nyuma, lakini zinageuza mota papo hapo. Gia ndiyo inayolipa.

Kuseti ni shilingi 15,000, na ndani yake kuna kuchomea plagi upya kwa risasi na kupima joto gari likiwa na mzigo. Wapo wanaoona ni ghali kwa "kubonyeza rimoti". Njoo na gari zima, rimoti na betri iliyojaa. ESC peke yake mfukoni hatuwezi kuipimia chochote.