Mhusika mwenye njaa naye hufika kileleni

Mhariri,

Kuna mtindo umeingia katika vipindi vya Fasihi, na mimi ninayefundisha Kiswahili huku Nachingwea unaniumiza. Mwanafunzi akiambiwa ajadili mhusika, anachora piramidi ya mahitaji ya binadamu ya mwanasaikolojia Abraham Maslow: chini chakula na malazi, kisha usalama, upendo, heshima, na juu kabisa kujitimiza, yaani mtu kuwa kile anachoweza kuwa. Halafu anawapanga wahusika kama korosho zinavyopangwa kwa madaraja ghalani.

Juzi nilisahihisha insha ya kidato cha tatu kuhusu Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein juu ya Vita vya Maji Maji. Mtoto kaandika kuwa Kinjeketile hawezi kujitimiza kwa sababu watu wake wana njaa na hawana usalama. Kwa piramidi, jibu limenyooka. Kwa tamthiliya, hapana! Njaa ni kweli ipo: wanawake wanalalamikia chakula, wanaume wanatumikishwa shambani kwa Mjerumani. Lakini tazama mwisho. Kinjeketile yuko mikononi mwa askari, kateswa, anatakiwa aseme maji ya dawa, yaliyoaminiwa kuzuia risasi za Mjerumani, yalikuwa uongo. Yeye mwenyewe alikwisha kuyatilia shaka maji hayo, ndiyo maana kukataa kwake kuna uzito. Anakataa kwa kuwa akikiri, watakaozaliwa baadaye wataambiwa wazee wao walikosea kupigana. Hana chakula, hana usalama, uhai wenyewe unamponyoka, na hapo ndipo anapokuwa mkubwa kuliko mahali pengine popote katika tamthiliya. Kama hicho si kilele, kiko wapi?

Maslow naye hakusema ngazi hizo hazirukwi. Katika makala yake ya mwaka 1943 alieleza kuwa mpangilio huo si mgumu kiasi hicho, akawataja watu wanaoacha kila kitu, hata maisha, kwa ajili ya jambo wanaloliamini.

Ninalisemea hili kwa sababu ya watoto wenyewe. Wapo wanaoingia darasani hawajatia kitu tumboni tangu jana jioni. Binti mmoja kati yao hujaza kurasa za nyuma za daftari lake la Hisabati kwa mashairi, vina na mizani vimetulia, na hajawahi kuagizwa na mtu. Nimwambie nini, kwamba yuko ngazi ya chini, asubiri kushiba kwanza?

Nawaomba wanaotuendeshea semina: nadharia hii tufundisheni, ina faida, ila tupeni makala yenyewe tuisome. Ile piramidi haimo humo.

Mwalimu wa Kiswahili,
Nachingwea, Lindi