Barua kwa mwanangu: kipande namba 9

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani Mbozi. Sisi wazima. Kikohozi cha baba yako kimetulia, na bibi anakusalimu, anauliza kila siku kama huko Morogoro mnapata ugali wa maana. Tumemaliza kuvuna mahindi ya jaribio lako la viwango vya mbolea ya urea. Leo nimekaa barazani na daftari lako, nakuandikia kwa mkono kwa sababu nina jambo ambalo kwenye simu limenishinda. Mara mbili nimetia nia ya kukuambia, mara mbili nikaishia kukuuliza kama umekula.

Nianze na mavuno. Tulifuata daftari kama ulivyoandika. Kila kipande kina mistari sita. Tukaacha wa kwanza na wa sita, tukavuna minne ya katikati, na katika hiyo minne tukaruka shina la mwanzo na la mwisho. Siku ya kwanza baba yako alinung'unika, eti tunaacha mahindi mazuri pembeni. Mdogo wako akamweleza kwamba mstari wa pembeni unaiba chakula cha kipande cha jirani na unapata jua zaidi, kwa hiyo ushahidi wake haufai. Alisema vile vile ulivyomwambia mwezi wa Desemba mkinyoosha kamba. Baba yako akanyamaza, akaendelea kuvuna. Ya pembeni tumeyavuna baadaye, yako ghalani kwetu.

Mdogo wako alisoma mzani, mimi nikaandika. Kila kipande gunia lake, namba ndani ya gunia na namba nje. Vipande vyote ishirini, makundi manne ya vipande vitano, hakuna gunia lililopotea wala kuchanganyika. Mabua tumeyaacha shambani kama ulivyotaka. Nimewazuia hata ng'ombe wa jirani wasiingie.

Sasa fungua ukurasa wa vipande vya sifuri, vile visivyotakiwa kuwekwa naitrojeni. Viko vinne, kila kundi na chake: 3, 9, 14 na 17. Uzito wa mahindi na magunzi yake utakuta hivi: cha 3 kilo 2.7, cha 14 kilo 2.4, cha 9 kilo 5.1, cha 17 kilo 5.6. Najua utashtuka. Utasema viwili vimekaa kama sifuri inavyotakiwa kukaa, na viwili vimeshiba bila kulishwa. Mdogo wako mwenyewe alipouinua ule wa 9 alisema, "Mama, sifuri hii imekula wapi?" Sikumjibu. Nilishika kalamu nikaandika uzito, na mbele yake nikaandika, kwa mwandiko utakaoutambua: kiliwekwa urea.

Ni mimi niliyeiweka.

Unakumbuka ulivyotuachia kazi Januari baada ya kukuzia mara ya kwanza. Ulipima urea ya mzunguko wa pili ukaifunga kwenye vifuko, kila kifuko na namba yake. Nilishangaa ulivyokuwa unahesabu gramu: kipande cha kilo 80 za naitrojeni kwa hekta kinataka urea gramu 391 kwa msimu mzima, nusu kwanza, nusu baadaye. Na nilishangaa zaidi ulipokataa DAP ya kupandia, ukazunguka Mlowo na Vwawa kutafuta TSP, mbolea ya kupandia isiyo na naitrojeni. Baba yako alidhani ni maringo ya chuo. Ukamwambia DAP ndani yake ina naitrojeni asilimia 18, ukipandia nayo sifuri haiwi sifuri tena. Nilikusikia nikiwa jikoni. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Kipande cha 9 kura ilikiangusha pale njiani, kwenye njia ya kwenda mnadani. Kufika mwanzoni mwa Februari majani yake ya chini yalikuwa yamegeuka manjano, yakianzia kwenye ncha na kushuka katikati ya jani kama herufi V. Nimefundisha Sayansi darasa la sita miaka mingi, najua maana yake. Mhindi ukikosa naitrojeni unaiondoa kwenye majani ya zamani unapeleka kwenye majani machanga, ya chini yanakauka ili ya juu yaishi. Kila asubuhi nilipita pale na ndoo. Upande huu mahindi ya kijani kibichi yananifika begani, upande ule mashina membamba yananifika kiunoni, na watu wanapita.

Siku ya mnada mama mmoja wa kwa jirani alisimama na mzigo wake kichwani akaniambia, "Mwalimu, mwaka huu mbolea imewashinda?" Alisema kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyonichoma. Hapa kwetu mtu akiona shamba lako la manjano anajua umelala, au umefilisika, au umekunywa pesa ya mbolea. Nilitaka kumwambia ni utafiti wa binti yangu anayesoma shahada ya pili SUA, chuo kikuu cha kilimo, maneno hayakutoka. Jioni nikachukua kopo, nikachota urea kwenye mfuko wetu wa nyumbani, nikaenda peke yangu. Nilitumia kizibo cha soda, kizibo kimoja kwa mashina mawili, nikafukia kwa kijiti. Usiku mvua ikanyesha. Baada ya siku kumi kipande kilikuwa kijani, na mimi nikawa siwezi kukitazama.

Nikikupigia hesabu ni hivi: mashina 120, vizibo 60. Kizibo nimekipima juzi kwenye mzani ule mdogo uliotuachia, kinabeba kama gramu nne. Basi ni gramu 240 za urea, ambazo kwa eneo la kipande chako ni sawa na kilo 49 za naitrojeni kwa hekta. Sijui kama mwalimu wako atakuruhusu kuitumia namba hiyo kwa namna yoyote. Nadhani atakwambia ukifute kipande hicho na ubaki na sifuri tatu. Mimi nakuomba ukifute. Nilikwambia kwenye simu, "Yanaendelea vizuri," mwezi wa pili na mwezi wa tatu, na yote mawili ulikuwa uongo. Nisamehe, mwanangu.

Lakini kuna la pili, na hili ndilo lililonifanya nisilale mpaka niandike. Cha 17 usikiguse. Nilikuwa naogopa kwamba ukishajua habari za cha 9, utakitilia shaka na cha 17, maana uzito wao unafanana, ukavifuta vyote viwili kwa mkono mmoja. Cha 17 hakuna mtu aliyekiwekea kitu. Nimewauliza wote, mmoja mmoja, baba yako, mdogo wako, hata kijana anayetusaidia palizi. Ila kabla wewe hujazaliwa, pale palikuwa na boma la ng'ombe wa babu yako. Nilimwita bibi aje anionyeshe. Alitembea na fimbo yake mpaka kwenye kundi la nne akasimama, akasema mlango wa boma ulikuwa hapa, ng'ombe walilala kuanzia hapa mpaka pale kwenye mparachichi. Nimepima kwa hatua. Boma limekula kipande chote cha 17 na kama nusu ya cha 16. Nimechimba kidogo kwa jembe: udongo wa 17 ni mweusi, unashikana mkononi na kumeguka, wa cha 14 ni mwekundu na mkavu. Samadi ya miaka yote ile imezikwa humo na bado inaoza taratibu, inatoa naitrojeni msimu baada ya msimu. Nimekuchorea ramani nyuma ya karatasi hii, na mstari wa boma nimeuweka kwa wino wa bluu. Ulitueleza kwamba unagawa shamba kwenye makundi kwa sababu udongo haulingani. Basi hapo umeuona kwa macho.

Hizo sifuri mbili zina karibu kilo zile zile. Moja ni mkono wangu, nyingine ni ng'ombe wa babu yako. Kwenye karatasi ya namba hazitofautiani hata kidogo, na mtu pekee anayeweza kukuambia ipi ni ipi ni mimi.

Kuhusu viwango vya juu. Vipande vya kilo 120 na vya kilo 160 mimi na baba yako tumesimama tukashindwa kusema kipi ni kipi bila kusoma kibao. Mzani nao umeona tofauti ndogo sana. Utapima mwenyewe kitaalamu, mimi nasema la jikoni tu. Kutoka 120 kwenda 160 ni kilo 35 hivi za urea kwa eka. Kwa bei ya ruzuku ile ya msimu wa 2022/23, shilingi elfu sabini mfuko wa kilo 50, hiyo ni karibu elfu hamsini kwa eka moja. Unakumbuka mwaka ule kabla ya ruzuku, mfuko ulivyopita laki moja na ishirini, baba yako akapunguza shamba. Na mvua yetu ya Januari na Februari ikiamua kushuka, inachokikuta hakijanywewa na mizizi inakizamisha chini ambako mhindi haufiki. Baba yako ameelewa hilo haraka kuliko yote. Ameshaanza kupanga zile elfu hamsini zinunue chokaa, kwa kuwa shamba la chini limekuwa chachu kwa mbolea za SA tulizomwaga enzi zile tunaanza maisha. Anakungoja umwambie chokaa kiasi gani, kwa hiyo jiandae.

Sampuli nimezikausha. Kipima unyevu cha kukodi kilikuwa na foleni, nikatumia kwanza chupa na chumvi kavu kama tulivyofanya siku zote: ukitikisa, chumvi ikigandamana kwenye chupa, mahindi bado. Yalipofaulu kwa chumvi ndipo nikayapeleka kwenye kipima, yakatoka asilimia 13, na ya cha 20 asilimia 14, hayo nimeyaanika tena siku mbili. Punje na magunzi ya kila kipande nimepima mbali mbali, zote ziko kwenye daftari.

Daftari na mifuko ishirini vinakuja na basi la Jumatatu, dereva ni yule yule wa siku zote. Mfuko wa 9 nimeufunga kwa uzi mwekundu. Mwonyeshe mwalimu wako barua hii kama atataka ushahidi, sitaona haya.

Baba yako amekubali eneo lile lile libaki kwako msimu ujao. Mkiandika vikaratasi na kuvitia kwenye kofia yake kama mwaka jana, sifuri ikiangukia tena njiani, iache njiani. Nimeshampata fundi wa kunichongea kibao, nitakiandika mwenyewe kwa rangi, herufi kubwa: HAPA HATUWEKI MBOLEA, TUNAPIMA UDONGO. Yule mama wa mnadani nimeshamweleza. Amekuja kuangalia magunia, akauliza kama shambani kwao nako kuna mahali palipokuwa boma.

Ukipokea mzigo nipigie jioni. Mchana sitasikia simu, tunapukuchua.

Mama yako