Kipindi cha hisabati cha Jumamosi kimehamia Jumapili

Assalaam alaykum na habari za jioni, ndugu zangu watahiniwa.

Tutakutana Jumapili saa 9:00 alasiri, palepale barazani kwetu, Ngamiani, barabara ya 12. Jumamosi kuna harusi kwa jirani, hatutasikilizana.

Tunamalizia "kubwa kuliko" na "ndogo kuliko" kwenye mstari wa namba. Nimepitia madaftari yenu, na makosa mengi yako kwenye kiduara. Kwa x > 3, kiduara juu ya 3 kinabaki tupu na mshale unaelekea kulia, maana 3 yenyewe haimo. Kwa x ≥ 18, kama umri wa kupiga kura, kinajazwa: aliyetimiza 18 leo naye yumo.

Hili nawaomba sana mlirudie nyumbani: ukigawanya pande zote mbili kwa namba hasi, alama ya "kubwa kuliko" au "ndogo kuliko" inageuka. −2x < 6 inatoa x > −3. Msiniamini tu, jaribuni. Weka 0, unapata 0 < 6, sawa. Weka −5, unapata 10 < 6, haiwezekani. Basi mshale hauendi kushoto.

1. Rula na penseli, kila mtu.
2. Mchango wa fotokopi sh. 1,000, umfikie dada mhazini kabla ya Ijumaa saa 2 usiku.

Aliyekwama mchango asikose kuja, aniandikie pembeni tu.

Tafadhali jibu hapa "Nipo" au "Sipo" kabla ya muda huohuo wa Ijumaa, nijue nakala za kutoa.