Barua kwa mwanangu: Supu ya nyanya kwenye jiko lako jipya

Ilala, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata na umenifurahisha sana, maana tangu uhamie huko Mbezi kila nikikuuliza umekula nini unanijibu chipsi mayai. Leo umeuliza mwenyewe supu ya nyanya inapikwaje. Ya kwenye simu unayasahau ukishakata, kwa hiyo nakuandikia uwe nayo karibu na jiko.

Supu hii haina nyama wala mfupa. Hapa mjini supu tuliyoizoea ni ya asubuhi, ya ng'ombe, kuku, utumbo au pweza, na utamu wake unatoka kwenye kitu kilichochemka muda mrefu. Kwenye hii hakuna cha kukuokoa ila nyanya zenyewe. Ukinunua vibaya, au ukizikimbiza motoni, utakunywa maji mekundu yenye chumvi. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye kununua na kukaanga. Mengine ni mepesi.

Nyanya nyingi tunazokula Dar zinatoka mbali: Ilula kule Iringa, Morogoro, Lushoto. Zinasafiri kwenye matenga, kwa hiyo mkulima anazichuma mapema ili zifike salama. Ile aina ya Tanya unayoiona kila genge inapendwa na wasafirishaji kwa sababu ganda lake gumu haliponduki ovyo. Unaweza kuikuta nyekundu kwa nje, ukiikata moyo bado mweupe. Hiyo usiipike siku hiyo. Iache juu ya meza siku mbili au tatu, penye hewa, mpaka ikibonyezwa ilegee kidogo na kwenye kikonyo itoe harufu ya nyanya. Usiiweke kwenye friji ya jirani. Baridi inaififisha ladha.

Ukiwa na njaa ya leo leo, pita gengeni jioni uulizie masalo. Wengi wanazidharau kwa kuwa zimelainika au zimepasuka, lakini kwa supu mimi nazichagua mbele ya zile ngumu zinazong'aa, na bei yake ni nafuu. Zinuse. Yenye harufu ya kuchacha iache, na yenye ukungu itupe nzima, usikate upande mmoja ukadhani umeponya wa pili. Msimu wa masika uwe mwangalifu zaidi, mvua ikizidi nyanya zinaugua shambani, zinaadimika na bei inapanda.

Kwako peke yako, na mgeni akitokea, chukua nyanya nane za wastani, kitunguu maji kimoja kikubwa, punje nne za kitunguu saumu, karoti moja na mafuta vijiko vitatu vya kulia. Karoti usiiache. Inapunguza uchachu bila wewe kumwaga sukari. Wapo wanaotia magadi kidogo ili uchachu ufe. Unakufa kweli, ila na ladha ya nyanya inakwenda nayo.

Chana kila nyanya msalaba mdogo chini, zimwagie maji yaliyochemka, hesabu kama dakika moja, halafu zitie kwenye maji ya baridi. Ganda litatoka lenyewe kwa vidole. Zikate juu ya bakuli ili maji yake yasipotee. Ile rojo yenye mbegu usiitupe hata kidogo, utamu mwingi umo humo.

Sasa kukaanga, na hapa naomba unisikilize vizuri. Jiko lako ni la gesi, ule mtungi mdogo wa kilo 6, na moto wake ni mkali kuliko mkaa uliouzoea hapa nyumbani. Punguza. Kitunguu maji kilainike taratibu mpaka kiwe na rangi ya dhahabu hafifu, kisifike kahawia. Saumu itie baadaye, kwa sababu inaungua haraka, na ikiungua uchungu wake hautoki tena hata utie nini. Karoti iliyokunwa ifuate. Kisha nyanya, pamoja na chumvi, kwa kuwa chumvi inazitoa maji upesi. Funika dakika kumi.

Ukifunua utakuta sufuria imejaa majimaji, na hapo ndipo vijana wengi wanamimina maji wakidhani imeiva. Bado, mwanangu. Iache wazi, ukoroge mara kwa mara, mpaka yale maji yakauke, rangi ikolee, na uone mafuta yamejitenga pembeni. Huenda ikachukua dakika kumi na tano. Simama nayo, simu iweke mbali. Nimewapikia watu miaka mingi kwenye genge langu la chakula, na mteja anayesema mchuzi wa leo mtamu huwa anasifia kipande hiki cha kazi, ingawa hakukiona.

Dada wa kliniki aliyetufundisha lishe alituambia kwamba wekundu wa nyanya unatokana na kitu kinachoitwa likopeni, na mwili unakipokea vizuri zaidi nyanya ikipikwa na mafuta kuliko ikiliwa mbichi. Vitamini C ndiyo inayopungua motoni. Basi kachumbari endelea kula pia, usibadilishe kimoja kwa kingine.

Tia vikombe viwili vya maji ya moto na pilipili mbuzi nzima, yenye kikonyo chake, ielee tu. Inatoa harufu nzuri bila kukuwasha, mradi usiipasue na mwiko. Supu ichemke dakika kumi, kisha pilipili itoe. Kama utaazima blenda ya kuilainisha, acha supu ipoe kwanza na usijaze zaidi ya nusu, kwa sababu mvuke wa moto unarusha kifuniko na utaungua uso. Mimi natumia chujio la chuma na mgongo wa mwiko, inatoka laini vilevile. Iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Ikizidi uzito ongeza maji.

Rudisha motoni, moto mdogo kabisa. Tui zito, kikombe kimoja, usilimwage lote kwa mpigo. Lichanganye kwanza na upawa mmoja wa supu ya moto, kisha limimine huku unakoroga upande mmoja, na ikianza kutokota tu epua. Ikichemka kwa nguvu tui litakatika, utaona chembechembe zinaelea. Pilipili manga kidogo na kotimiri vinatosha. Vile viungo vya paketi sikukatazi, ila onja kwanza kabla hujavifungua.

Ukitaka ikushibishe mpaka asubuhi, kiazi mviringo kimoja kichemkie humo kabla ya kuchuja, au vunjia yai mwishoni. Kula na chapati au muhogo wa kuchemsha.

Isiyoisha usiilaze kwenye sufuria ya alumini. Uchachu wa nyanya unaila ile sufuria na asubuhi utaonja chuma. Ihamishie kwenye bakuli la kioo. Na kwa joto letu hili, bila friji, supu yenye tui haifiki kesho, kwa hiyo pika ya usiku huo huo. Wageni wakizidi mmoja ndiyo uongeze nyanya.

Shangazi yako atapita kwako Jumamosi akitoka Kariakoo. Nimempa mbuzi ya nazi, ile ya zamani, na chujio langu dogo la chuma. Nazi mbili nimezichagua mwenyewe, nimezitikisa zote zina maji. Atakuletea na Tanya za kutosha, lakini bado ngumu; zipike Jumatatu au Jumanne, halafu unipigie uniambie mafuta yalijitenga baada ya muda gani kwenye hiyo gesi yako.

Mama yako