Hati safi haijaezeka zahanati yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu ushuru wa korosho na hesabu za halmashauri zetu huku Mtwara.

Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ikishawasilishwa bungeni mwezi Aprili, viongozi hupita vijijini kutangaza kwamba tumepata hati safi, nasi tunapiga makofi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya ujenzi wa zahanati kijijini kwetu. Boma letu, yaani jengo lisilokamilika, limeishia kwenye renta, juu tu ya madirisha. Matofali tulifyatua wenyewe, maji ya kufyatulia akina mama waliyabeba kichwani, na kwenye mkutano mkuu tulikubali kukatwa fedha katika kila kilo ya korosho. Halmashauri iliahidi kupaua na kuezeka. Mvua zinaendelea kunyeshea kuta, na wajawazito wanapakiwa kwenye bodaboda kwenda kata ya jirani. Inaniuma sana.

Hati safi, au hati inayoridhisha, maana yake mkaguzi ameona hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango na zinaonyesha hali ya fedha ilivyo. Ni jambo jema. Ila boma lisiloisha linaweza kuandikwa vizuri kabisa vitabuni kwamba halijaisha, na hati ikatoka safi. Wanaotutangazia hati hawatusomei hoja za ukaguzi, ambako mwaka hadi mwaka mkaguzi ametaja halmashauri zenye miradi iliyokwama na makusanyo ya POS, mashine za kukusanyia ushuru, yasiyofika benki.

Oktoba 2024 bei ya korosho mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Ushuru wa halmashauri ni asilimia 3, kwa hiyo tani 1 kwa bei hiyo ni zaidi ya shilingi 120,000. Ataniambia mtu kwamba kisheria mlipaji ni mnunuzi. Sawa, lakini mnunuzi hupiga hesabu ya gharama zake zote kabla ya kutaja bei, na ushuru umo. Jasho ni la aliyepalilia, akapulizia salfa, akainama kuokota.

Katika stakabadhi ghalani, mfumo wa kupeleka korosho ghalani kwa stakabadhi ndipo ziuzwe mnadani, kila mzigo una karatasi yake. Chama cha msingi kinajua kilo, ghala linajua, chama kikuu kinajua. Asiye na karatasi ni muuza kangomba tu, anayewauzia walanguzi nje ya mfumo. Ndiyo maana sikubali ninapojibiwa kwamba ushuru uliotokana na kijiji kimoja haujulikani.

Mapato na matumizi ya kijiji hutakiwa kusomwa kila baada ya miezi mitatu. Kwetu yanasomwa, namshukuru mtendaji wetu. Lakini tunasomewa faini za mbuzi walioingia shambani na michango ya mwenge. Ukiuliza ushuru wa korosho, unaambiwa hilo ni la halmashauri, kaulize wilayani. Nauli ya kwenda wilayani na kurudi ni fedha ya unga wa siku kadhaa, na ukifika unaambiwa mhusika yuko kikaoni.

Hata mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisitishwa 2023, hadi iliporejeshwa 2024. Vikundi hewa na wasiorejesha viliwaponza hata akina mama waliokuwa wakilipa kwa wakati.

Naomba jambo moja kwa wakurugenzi na madiwani wa halmashauri zote 9 za mkoa huu. Kabla minada ya msimu ujao haijafunguliwa, kila ofisi ya kijiji ibandikwe karatasi moja ya Kiswahili chepesi: kilo zilizouzwa kupitia chama cha msingi cha hapo, ushuru uliotokana nazo, fedha zilizorudi kijijini na kazi zilizofanya. Diwani aje kwenye mkutano mkuu aisome kwa sauti na kujibu maswali. Kwetu swali la kwanza litakuwa la mabati.

Mkulima wa korosho,
Mkoa wa Mtwara