Barua kwa Zaituni aliyepewa usimamizi

Shela, Lamu

Shoga yangu Zaituni,

Assalam aleikum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah, joto tu ndilo linalotutesa. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikamsomea mama, naye akacheka akasema, "Mwambie kwanza hongera, huko kulia atalia baadaye." Basi hongera. Kusimamia hotelini wanawake wale wale waliokufundisha kutandika kitanda si jambo jepesi, lakini naona umelifanya zito kuliko lilivyo.

Unasema yule mama wa dobi anakuita "mwanangu" mbele ya wageni, na zamu ukimpangia anaipangua anavyotaka. Hayo ni mambo mawili, nawe umeyafunga kamba moja. Kukuita mwanangu hakukupunguzii kitu, alikuwepo hapo kabla yako. Endelea kumwamkia wewe kwanza kila asubuhi, na ukiwa na neno naye mfuate chumba cha mashuka, mkae wawili, mzungumze. Zamu ndiyo isiguswe. Ibandike ukutani tangu Alhamisi, kila mtu aione mapema. Anayetaka kubadilishana na mwenzake, waje wote wawili mbele ya ile karatasi. Akija peke yake mwambie, "Mama, njoo na mwenzako." Basi, usiongeze. Wewe nakujua, ukianza kujieleza utaishia kumwomba radhi.

Walishatujia watu wa semina hapa kutufundisha kujiamini: simama wima, mtazame mtu machoni, toa sauti. Aliyeyatunga hayo sidhani amewahi kuzungumza na mtu mzima wa Pwani. Mkodolee macho mama aliye rika la bibi yako uone, mchana kutwa utakuwa wewe ndiye mazungumzo ya jikoni. Inamisha macho ukipenda, ila neno ulimalize. Ugonjwa wako si macho, ni kwamba husema nusu halafu ukacheka, na mtu akashika kile kicheko akaliacha neno.

Kwa meneja nenda na hesabu. Ukimwambia mashuka hayatoshi, atakujibu mvumilie msimu upite. Wenye kazi hii wanataka kila kitanda kiwe na seti tatu: moja imetandikwa, moja iko dobi, moja imepumzika kabatini. Mkiwa na vitanda 30, ni seti 90. Hesabu zilizopo, toa zilizochanika na zenye madoa ya kutu, foronya zihesabu mbali, kisha umwekee karatasi mezani. Sauti haitakutetemeka kwa kusoma hesabu.

Sasa bakshishi. Hukuniandikia hata mstari, kwa hivyo najua moto haujakufikia bado. Mgeni akiondoka humpa aliyemuona: wa mapokezi, wa mezani, mbeba mizigo. Aliyemfulia mashuka wiki nzima hamjui hata sura. Hapo ndipo watu wa hoteli moja wanapoanza kununiana, na msimamizi akadhani ni tabia zao mbaya. Sisi hotelini kwetu tuna sanduku lenye kufuli la kutia bakshishi zote. Sanduku liko mapokezi, ufunguo uko kwa mpishi. Jumamosi mchana, baada ya chakula, fedha humwagwa kwenye meza ya wafanyakazi, mmoja akahesabu kwa sauti na mwingine akaandika daftarini, na noti za kigeni hutajwa kwa bei ya siku hiyo hiyo. Mimi sizishiki. Nakaa pembeni na chai yangu, na fungu langu ni sawa na la mtu wa bustani. Wako walioninunia kwa hilo, hasa wa mapokezi. Lakini mtu wa bustani siku hizi akiona bomba linavuja huja kuniambia kabla maji hayajafika barazani, na zamani alikuwa akilitazama tu. Zile ambazo wageni huwatumia wafanyakazi kwa simu, wakishapata namba zao, bado tunazigombania, sina dawa yake.

Kijana wako anayechelewa, muulize kwanza anatokea wapi. Tulikuwa na mmoja wa Mokowe, ng'ambo kule bara, na boti za kule haziondoki mpaka zijae abiria, saa moja ya zamu ikimkuta bado yuko gatini. Tukamsogeza zamu ya saa nne, kwisha. Mwingine alikuwa akikaa hapa hapa Shela, tukimsikia akikohoa kwao. Huyo alipewa barua ya onyo.

Kuhusu msichana wa mataulo: usitie sahihi barua ya kumfukuza eti kwa kuwa meneja ameshaiandika. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inataka aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, akiwa na mwenzake wa kazini aliyemchagua mwenyewe au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na wasikilizwe kabla ya uamuzi kutolewa. Mkumbushe meneja kwa upole kwamba wakifika kortini mlipaji ni hoteli. Na ukishaifungua sheria hiyo, tazama pia siku ya mapumziko, angalau moja katika kila saba, na likizo, siku 21 za kazi kwa aliyetimiza mwaka. Ziingize kwenye karatasi ya ukutani kabla hujaulizwa. Watu wengi huchukia kuomba haki yao kuliko wanavyochukia kuikosa, na chuki hiyo humwangukia aliye karibu, yaani wewe.

Masika yakiingia hoteli ikipungua wageni, nitapanda basi nije nikutazame. Msalimie mumeo na wanao.

Shoga yako,
Mwanaisha

Nilitaka kusahau: mkileta msichana mpya, mpeleke kwa yule mama wa dobi amfundishe kukunja pembe za shuka. Usimfundishe wewe, hata kama yeye atachukua siku mbili na wewe ungechukua saa moja.