Sanduku la kura halifikishi mzigo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu mataifa ya kidemokrasia kujenga kwa ubia minyororo ya ugavi wa teknolojia inayoaminika ilinivutia, lakini ililikwepa swali lililokuwa mbele yake. Mwandishi amekwenda kana kwamba nchi mbili zikishakuwa na uchaguzi huru, bunge na magazeti kama lenu, mzigo utajifikisha wenyewe. Haujifikishi.

Julai 2019 Japani iliweka masharti makali ya kuiuzia Korea Kusini kemikali tatu ambazo viwanda vya chipu (ubongo wa kompyuta na simu) na vya vioo vya simu haviwezi kufanya kazi bila hizo. Nyuma ya hatua hiyo kulikuwa na mgogoro kuhusu fidia kwa Wakorea waliofanyishwa kazi kwa nguvu enzi za ukoloni wa Japani. Zote mbili ni demokrasia, zote mbili ni washirika wa Marekani, na vikwazo vile havikuondolewa hadi Machi 2023. Machi 2021 Italia ilizuia dozi 250,000 za chanjo ya korona zisiende Australia. Na Januari 2025 Rais Biden alikataa kampuni ya chuma ya Japani, Nippon Steel, isiinunue ile ya Marekani, U.S. Steel, kwa hoja ya usalama wa taifa. Ununuzi ulipita miezi mitano baadaye chini ya rais mwingine, tena kwa sharti la serikali ya Marekani kupewa hisa maalumu yenye kura ya turufu. Ikiwa hivyo ndivyo rafiki anavyotendewa, msomaji ana haki ya kuuliza neno “inayoaminika” limepimwa kwa mizani gani.

Siwaungi mkono, hata hivyo, wanaosema kila nchi ijifungie ndani na kujitengenezea. Tazama mtambo wa kuchorea chipu za hali ya juu, unaotengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi. Vioo vyake hutoka Zeiss na leza yake Trumpf, zote za Ujerumani. Sehemu inayozalisha mwanga ilibuniwa San Diego, Marekani: humo matone ya bati lililoyeyushwa, 50,000 kila sekunde, hupigwa kwa leza ili kutoa mwanga ambao jicho haliuoni. Mtambo ukikamilika, nyingi ya kazi zake za maana hufanyika Taiwan, juu ya silikoni iliyopakwa kemikali ambazo kwa sehemu kubwa hutoka Japani. Anayedai nchi yake itayafanya haya yote peke yake, na atuambie ataanzia wapi.

Kwa hiyo ubia ni lazima. Ninachobisha ni namna unavyofanywa sasa. Marekani ilipitisha sheria ya kuinua viwanda vya chipu, ya takribani dola bilioni 52, mwaka 2022, Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2023 na mpango wa euro bilioni 43, Japani nayo ikafungua mfuko wake. Ukiangalia pesa hizo zilikwenda wapi, utaikuta TSMC, kampuni ya chipu ya Taiwan, ikibembelezwa Arizona (Marekani), Kumamoto (Japani) na Dresden (Ujerumani). Marafiki wanashindana kumvuta bwana arusi mmoja. Ruzuku imepandisha dau, lakini sioni mahali ilipogawanya kazi.

Mfano ninaoutamani upo, na ajabu ni kwamba hautajwi sana. Septemba 2010 meli ya uvuvi ya China iligongana na meli za walinzi wa pwani wa Japani karibu na visiwa vya Senkaku, vinavyodaiwa na nchi zote mbili, na muda si mrefu shehena za madini adimu, yale ya kutengenezea sumaku za mota na vifaa vya elektroniki, zilizokuwa zikitoka China kwenda Japani zikakwama. Wakati huo zaidi ya asilimia 90 ya madini hayo duniani yalitoka China. Japani, pamoja na Marekani na Umoja wa Ulaya, ilishitaki katika Shirika la Biashara Duniani na kushinda mwaka 2014. Lakini haikungoja hukumu. Mwaka 2011 taasisi yake ya serikali ya madini, JOGMEC, na kampuni ya biashara ya Sojitz ziliweka dola milioni 250 katika Lynas, kampuni ya madini adimu ya Australia iliyokuwa na mgodi wa Mount Weld na kiwanda kilichokuwa kikijengwa Kuantan, Malaysia.

Kisha bei ya madini hayo ikaanguka. Lynas ikayumba kiasi kwamba mkopeshaji wa kawaida angekamata mali na kuondoka. Wajapani walipunguza riba na kusogeza mbele tarehe ya kulipa. Mwaka 2023 wakaongeza dola za Australia milioni 200, wakapata haki ya kununua hadi asilimia 65 ya madini adimu ya kundi zito ya mgodi ule. Leo Lynas ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote nje ya China wa madini adimu yaliyokwisha kutenganishwa. Huko hakukuwa na tamko la kishujaa. Kulikuwa na mnunuzi aliyekubali kula hasara miaka kadhaa kwa sababu alijua siku ya dhiki inakuja tena.

Na tusisahau wakazi wa Kuantan, ambao waliandamana kwa miaka kwa hofu ya taka zenye mionzi, hadi leseni ya kiwanda ikafungwa masharti mapya. Wapo wanaoona hilo ni ucheleweshaji. Mimi naona kiwanda ambacho jirani zake wameruhusiwa kupiga kelele kina uhai mrefu kuliko kilichowekwa kwa amri.

Hapo ndipo ninapofika kwa Indonesia, demokrasia ya watu zaidi ya milioni 270 ambayo makala yenu haikuitaja hata kwa bahati mbaya. Mwaka 2020 ilipiga marufuku kuuza nje nikeli ghafi ili iyeyushwe nyumbani. Umoja wa Ulaya, katikati ya hotuba zake za ubia, uliishitaki, na Novemba 2022 jopo la Shirika la Biashara Duniani likaupa Umoja huo haki. Indonesia ikakata rufaa. Wakati mawakili wakibishana, viwanda vya kuyeyushia vilikwishajengwa, vingi kwa mtaji wa Kichina. Wenye madini husikiliza anayekuja na tanuru, na mkono mtupu haulambwi.

Basi, Ndugu Mhariri, ombi langu ni dogo. Mtakapochapisha tena picha ya mawaziri wakipeana mikono juu ya hati ya makubaliano ya madini au chipu, waulizeni mambo matatu na muyachapishe pamoja na picha. Nani ameahidi kununua, kwa miaka mingapi? Bei ikishuka chini ya gharama, nani atabeba pengo? Maana Julai 2025 wizara ya ulinzi ya Marekani iliiahidi MP Materials, kampuni ya Marekani ya madini adimu, bei isiyoshuka chini ya dola 110 kwa kilo ya madini ya kutengenezea sumaku kwa miaka 10, kwa hiyo jambo hilo linawezekana kuandikwa. La tatu, uchenjuaji, yaani kusafisha na kutenganisha madini, utafanyika upande upi wa bahari?

Wakishindwa kujibu, iwekeni habari hiyo ukurasa wa michezo.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi